Mwambie Fundi Asipige Windows Kwanza

"Dada Mkubwa, mimi ni katibu wa kikundi chetu cha akiba hapa Namuwongo, Kampala, upande wa chini ya reli. Mahesabu ya wanachama wote nayaweka kwenye laptopu. Juzi umeme ulikatika nikiwa katikati ya kuandika. Uliporudi, laptopu iliwaka, ikaonyesha nembo, kisha ikaleta maandishi meupe ya Kiingereza, 'No bootable device', ikaishia hapo. Fundi wa jirani anasema diski imekufa, nimpe pesa apige Windows mpya. Jumapili tuna mkutano na sina la kuwaambia watu. Nifanye nini?"

Pole, mdogo wangu. Fundi usimpe kitu bado, wala pesa wala laptopu. Maneno yake mawili yanapigana yenyewe kwa yenyewe. Diski iliyokufa haipigwi Windows, maana hakuna pa kuiweka. Na kama inapigika, basi haijafa, na mahesabu ya wenzako bado yamo humo humo. Labda alikuwa na maana ya kuweka diski nyingine. Sawa, aseme hivyo, ataje bei ya diski, na ile ya zamani akukabidhi mkononi.

Simwiti mwizi. Mafundi wetu wengi wana mikono mizuri, wamejifunza kwa kukaa na waliowatangulia. Lakini yeye analipwa mashine iwake, na wewe unatafuta daftari. Hizo ni kazi mbili. Ukianza na daftari, mashine haipotezi kitu kwa kusubiri siku moja. Ukianza na mashine, Windows mpya inaandikwa juu ya vitu vya zamani, na hapo daftari linaweza lisipatikane tena hata kwa pesa nyingi.

Sasa tuitazame wenyewe. Wewe umebahatika kidogo: mashine inawaka, feni inazunguka, nembo inatokea. Wale mnaosoma hii huku laptopu haionyeshi hata taa, shida yenu ni ya umeme. Angalieni chaja, soketi, na kama mita ya Yaka bado ina uniti. Na kama feni inavuma lakini skrini ni nyeusi tangu mwanzo, bila nembo yoyote, mara nyingi kilichogoma ni memori au skrini yenyewe. Barua ya leo ni ya wale wanaofika kwenye nembo halafu wakakwama, kwa sababu hapo ndipo mashine inapoitafuta diski.

Kitu cha kwanza, chomoa kila kilichochomekwa: flashi, modemu, diski ya nje, kadi ya kamera. Kompyuta ikiwaka hupita kwenye orodha yake ya mahali pa kuanzia, na nyingi zimepangwa ziangalie flashi kwanza. Ikikuta flashi uliyotoka nayo steshenari jana, isiyo na mfumo wowote ndani, baadhi hukwama papo hapo na kukupa maneno yale yale ya kutisha. Nimeona watu wakipeleka mashine mjini kwa teksi na kurudi, kumbe kosa lilikuwa flashi ndogo ya nyuma ambayo hakuna aliyeikumbuka. Chomoa, zima, washa tena.

Haijakubali? Basi sikiliza. Najua Namuwongo si mahali pa kusikiliza kitu kidogo. Garimoshi la mizigo likipita kuta zinatetemeka, na kibanda cha video nacho hakilali. Subiri usiku, funga mlango, washa laptopu na uweke sikio pale mkono wa kushoto au wa kulia unapokaa ukiandika. Diski ya aina ya zamani ina sahani zinazozunguka, kwenye laptopu nyingi mara 5,400 kwa dakika, na juu yake kuna kichwa kidogo cha kusomea kinachoelea bila kugusa, umbali wa nanomita chache tu. Chembe moja ya vumbi ni kubwa kuliko nafasi hiyo. Ikiwa nzima utasikia mvumo laini. Ukisikia tak, tak, tak isiyokoma, au sauti ya kukwaruza, bonyeza kitufe cha kuzimia palepale na usiwashe tena. Usijaribu mara moja zaidi ili kuhakikisha. Kichwa kinashindwa kusoma, huenda kinagusa sahani, na kila ukiwasha unaongeza sehemu zinazofutika. Diski ya namna hiyo inataka mtu mwenye vifaa vya kuifungulia mahali pasipo na vumbi, na kazi hiyo ni ghali. Hapo utajiuliza kama mahesabu yanastahili gharama hiyo, lakini ujiulize laptopu ikiwa imezimwa.

Kama laptopu yako ina SSD, hakuna sahani wala sauti. Hiyo hufa kimya. Leo ipo, kesho mashine haiioni kabisa.

Kimya au mvumo laini? Vizuri. Zima, washa, na mara inapowaka bonyeza-bonyeza kitufe cha kuingilia BIOS, yaani mipangilio ya ndani ya mashine. Kwenye Dell mara nyingi ni F2, HP huwa Esc au F10, Lenovo F1 au F2, na kompyuta nyingi za mezani ni Delete. Usibadilishe kitu huko. Tunataka kuona mambo mawili tu. La kwanza ni tarehe. Ikiwa inasema uko mwaka ambao ulikuwa bado shuleni, betri ndogo ya duara kwenye ubao, ile ya CR2032, imekwisha. Mashine imesahau mpangilio wake, na pengine imesahau diski iangaliwe kwa njia ipi. Kwenye kompyuta za mezani zilizozeeka ugonjwa huu ni wa kawaida, na kibetri hicho kinauzwa kwa bei ya chakula cha mchana. La pili ni jina la diski. Tafuta mstari wenye jina la mtengenezaji na ukubwa, GB 500 au GB 256.

Jina lisipokuwepo, huenda diski imelegea tu. Laptopu iliyorushwa-rushwa kwenye boda kutoka Kisugu hadi mjini, waya wake au kikalio chake cha diski kinaweza kuachia. Mwenye bisibisi na utulivu anaweza kuzima, kuchomoa chaja, kutoa betri, kisha kuichomoa diski na kuirudisha ikae sawasawa. Kwenye kompyuta ya mezani badilisha ule waya mwembamba wa SATA, maana huharibika mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Na kwa kuwa nimetaja boda: laptopu yenye diski ya kuzunguka izimwe kabisa, usiifunike tu na kuruka nyuma ya dereva. Wakati mwingine kifuniko kimefungwa lakini ndani diski bado inazunguka, na mashimo ya barabara zetu unayajua.

Jina likiwepo, na sauti haina kasoro, basi nadhani tumefika kwenye kisa chako. Umeme ulikatika diski ikiwa inaandika. Ilikuwa katikati ya kubadilisha orodha inayosema faili gani liko wapi, na orodha ikabaki nusu. Vitu vipo, kinachokosekana ni njia ya kuvifikia. Lakini laptopu ina betri, utasema, ilizimikaje? Hapa nakukisia: yako ni ile iliyonunuliwa ikiwa imetumika, betri ilishakufa, unaitumia ikiwa imechomekwa ukutani muda wote. Laptopu ya hivyo ni kompyuta ya mezani iliyokunjwa. Uniti za Yaka zikiisha inazimika kama balbu, na diski haijali kama msambazaji ni ile kampuni ya zamani ya Umeme au, tangu Aprili 2025, UEDCL.

Windows ikijaribu kujirekebisha yenyewe ikashindwa mara mbili, iache. Fundi atataka kuendesha chkdsk, na ni chombo kizuri, ila kinarekebisha kwa kuandika juu ya diski ile ile. Diski ikiwa inaumwa, marekebisho hayo yanaweza kumaliza kilichobaki. Kwanza tunatoa mafaili.

Njia ninayoipenda haihitaji hata kufungua laptopu. Tafuta flashi ya GB 8 au zaidi na mtu wa kukuwekea Ubuntu juu yake. Ni mfumo wa bure, na kijana yeyote anayesoma mambo ya kompyuta chuoni ataweza. Washa laptopu kutoka kwenye flashi hiyo, na ikikuuliza, chagua kujaribu, usichague kusakinisha. Utaona skrini nzima inafunguka kana kwamba kompyuta haikuwa na ugonjwa. Fungua diski, ingia Users, halafu jina lako, halafu Documents na Desktop. Chomeka diski ya nje au flashi nyingine na uanze kunakili. Ubuntu ikikataa kuandika kwenye diski ya Windows, usiilazimishe, kusoma kunatutosha.

Anza na vidogo vyenye thamani. Daftari la kikundi, orodha ya mikopo, barua, vyeti ulivyoskani. Kisha picha za watoto. Filamu zilizotafsiriwa na VJ Junior ziache mwisho, au usizichukue kabisa. Duka la filamu litakujazia upya, na diski inayoumwa isimalizie pumzi zake kwa sinema. Nasema hivi kwa sababu watu hushika folda kubwa kuliko zote, wanabonyeza kunakili, na diski inakata roho ikiwa nusu ya Rambo.

Kuna mlango mmoja unaoweza kukukatalia. Laptopu za miaka ya karibuni, na zile zilizotolewa na mashirika, mara nyingi zimefungwa kwa BitLocker. Itakudai ufunguo wa tarakimu 48. Kama uliwahi kuingia kwa akaunti ya Microsoft, ufunguo huwa umehifadhiwa humo, unaweza kuusoma kwa simu. Kama laptopu ilitoka ofisini au kwa shirika, waulize wao. Bila huo ufunguo hakuna fundi wa Kampala wala wa London atakayekusomea, akikuahidi usimpe hata ya soda.

Njia nyingine ni kuitoa diski, kuiweka kwenye kikasha cha USB, na kuichomeka kwenye kompyuta nzima. Sikiliza hapa, maana ndipo wengi walipoangukia. Ile kompyuta nzima ikishindwa kuielewa diski, itakuletea dirisha linalosema unatakiwa kuifomati kabla ya kuitumia. Bonyeza Cancel. Haijui kilichomo ndani, inauliza tu kwa mazoea, na mkono wenye haraka ukibonyeza kukubali umejiongezea ugonjwa wa pili.

Ukiona huwezi haya, nenda kwa fundi, awe wa jirani au wale wa mjini kwenye majengo kama Mutaasa Kafeero. Lakini nenda ukiwa na maneno yako. Mwambie: "Usipige Windows. Usifomati. Nataka mafaili kwanza. Utainakili diski nzima kabla ya kuitengeneza?" Fundi anayeijua kazi hii atakujibu bila kukasirika. Atakuambia anachukua nakala ya diski yote kwenye diski nyingine, pengine kwa ddrescue, programu ya bure inayosoma sehemu nzima kwanza na kurudi kwenye mbovu baadaye, halafu anatafuta mafaili ndani ya nakala. Anayekujibu "wewe niachie tu, nitajua", mshukuru, chukua laptopu yako. Kubalianeni bei ya kuangalia peke yake na bei ya kutoa mafaili peke yake, na mwandike kwenye karatasi. Piga picha ya namba iliyo nyuma ya laptopu, na ya diski ukiweza. Kaa pale kama una nafasi, kuna vibenchi.

Kukaa pale kuna sababu nyingine, na hii nawaambia hasa wasichana wangu. Fundi anayetoa mafaili anaona kila kitu: picha, barua, mazungumzo. Sitawauliza mmeweka nini humo. Nasema tu, mkiweza, mwambieni anakili folda mlizomtajia na muwe mmekaa mkitazama. Na wewe katibu una mzigo zaidi, maana umebeba majina ya watu, namba za simu, pengine na namba za vitambulisho. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha tangu 2019, na inamtaka anayekusanya taarifa za watu azitunze. Hao wanachama walikupa wewe, hawakumpa fundi.

Na kama kuna msomaji ameshapigiwa Windows kabla ya kuniona hapa? Zima. Usiitumie hata kuangalia sinema. Kwenye diski ya kuzunguka, kilichofutwa hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na programu za bure kama PhotoRec na TestDisk huvuta mengi, ingawa mafaili yanaweza kurudi bila majina yake. Kwenye SSD matumaini ni madogo, kwa sababu yenyewe husafisha nafasi zilizoachwa.

Yale ya mtaani, ya kuweka diski kwenye friza, kuigonga kwa kiganja, au kuifungua kifuniko ili "kuisaidia" sahani izunguke, sitayajibu kwa urefu. Hapana. Hasa hilo la kuifungua, katika mtaa ambao ukipangusa meza asubuhi, mchana unaandika jina lako kwa kidole.

Mafaili yakishatoka, laptopu yenyewe ni jambo jepesi. Diski ikiwa haina kasoro, hapo sasa apige Windows anavyotaka. Ikiwa inaumwa, usinunue nyingine ya kuzunguka iliyotumika, weka SSD. Haiogopi mtikisiko wa boda kwa kiasi kile, na laptopu ya zamani hupata kasi ambayo hukuwahi kuiona. Mwombe fundi akuonyeshe afya yake kwa programu ya kusoma SMART: saa ilizotumika na sehemu mbovu. "Mpya" yenye saa elfu kumi si mpya. Kuwa mwangalifu na flashi za barabarani zinazojiita GB 512 kwa bei ya mkate, maana nyingine ndani ni ndogo. Zinakubali kila unachoweka, na siku ya kusoma hazina kitu.

Sasa niseme lililonikera katika barua yako, na usinune. Vikundi vingi vya akiba huku kwetu vinafuata utaratibu ulioanzishwa na shirika la CARE huko Niger mwaka 1991: pesa ndani ya sanduku la chuma, sanduku lina kufuli tatu, na funguo wanazo watu watatu tofauti ili pasiwe na mmoja awezaye kulifungua peke yake. Kikundi chenu nadhani mna sanduku la namna hiyo. Halafu daftari linalosema pesa hizo ni za nani mkaliweka kwenye diski moja, ya laptopu moja, isiyo na betri! Daftari nalo lipewe kufuli tatu. Nakala ya kwanza kwenye laptopu. Ya pili kwenye flashi inayolala kwa mweka hazina, si kwako, kwa sababu moto na maji ya mfereji wa Nakivubo haviingii nyumba na kuchagua. Jengo kuu la Chuo Kikuu cha Makerere liliungua usiku wa kuamkia 20 Septemba 2020, na lilikuwa na ofisi za fedha na kumbukumbu. Kama chuo kikuu kinaweza kuamkia majivu, chumba chako pia kinaweza. Ya tatu iwe mtandaoni. Akaunti ya Google inakupa GB 15 bure, na daftari lenu halifiki hata sehemu ndogo ya GB moja. Kila baada ya mkutano, kabla hujavua viatu, tuma. Na mara moja moja lifungue hilo la mtandaoni uone kama kweli linafunguka.

Umeniuliza pia ya Jumapili. Waambie ukweli mwanzoni mwa mkutano, kabla hujaulizwa, kwa sababu habari ya laptopu ya katibu kuharibika ikipita sokoni bila wewe, itafika kwao kama habari ya pesa kupotea. Na usiende mikono mitupu. Huenda daftari lako lipo mahali ambapo hujatazama. Uliwahi kutuma ripoti kwenye kundi la WhatsApp? Basi ipo kwenye simu ya kila mwanachama aliyeifungua. Uliwahi kuichapisha steshenari? Nenda leo, muombe yule kijana aangalie folda ya Downloads, maana wengi hawafuti, na ukishapata lako mwambie alifute. Tazama barua pepe ulizotuma. Vijitabu vya wanachama vyenye mihuri viletwe vyote. Michango iliyopita kwenye MoMo au Airtel Money ina ujumbe wake, na kampuni hutoa taarifa ya miamala ya nyuma ukiomba. Kaa na mweka hazina Jumamosi, mwandike kwa kalamu kila kinachothibitika, na kila mmoja Jumapili akague mstari wake na kutia saini.

Fundi akitoa daftari la laptopu baadaye, mtalilinganisha na hilo la kalamu. Yakipishana, fuateni vijitabu.